Weusi Kwanza

Mpiga picha wa pale Masisi alikuwa na mazoea ya kuipulizia pumzi lenzi ya kamera yake ndogo na kuipangusa kwa pindo la shati, ingawa picha zilitoka vilevile, zimepauka kama majivu. Dawa yake ilikuwa kompyuta. Vidole vyake vinene viligusa vitufe polepole, na sikuzote alianza kwa kuongeza weusi. Rosalie hakulijua hilo. Tangu vita viwafukuze kijijini kwao Kingi, akapotezana na mama yake njiani, alikuwa akimtafuta kila mahali. Leo mpiga picha alimwonyesha kundi la wakimbizi aliowapiga picha Walikale Jumamosi iliyopita, nyuso zote zimefanana. Alipoona kioo cha kompyuta kinatiwa giza, alipiga kelele.

"Papa, uko nazimisha watu!"

"Tulia, mama. Nyeusi ikuwe nyeusi kwanza, njo sura itoke."

Kisha akainua mwangaza kidogo. Kwa mwanamke wa pembeni ikatokea mikunjo miwili katikati ya nyusi, halafu mdomo uliobinywa kwa hasira, uleule uliokuwa ukimgombeza Rosalie kila asubuhi kwa kuchelewa kwenda shamba la maharage.

"Njo yeye! Iko nakasirika! Iko muzima!" Rosalie akacheka, machozi yakimtoka.

Mpiga picha akapangusa kioo kwa pindo la shati. "Huyu? Alinigombeza sana, ju sikumuomba ruhusa."

"Alisema nini?"

"Alisema nimurudishie sura yake."