Birika la Mjomba Salim

Nilipokuwa mtoto pale Chumbageni, Tanga, kosa moja tu lilimfanya bibi yangu ashike ufagio: kumnyima mtu maji. Ukivunja sahani alisema ni kadari ya Mungu. Ukichelewa madrasa alinung'unika, akanyamaza. Lakini mpita njia akiomba maji nawe ukajibu hayapo kwa uvivu tu wa kwenda mtungini, hapo Bibi aligeuka mtu mwingine. "Unataka ardhi itumeze?" aliuliza, na hakuwa anatania.

Bibi alizaliwa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Wakomoro, akaja Tanga kuolewa. Kwao, alisema, mgeni mmoja mzee alipita nyumba kwa nyumba katika mji akiomba maji, watu wakamfungia milango. Mwanamke mmoja tu alimpa. Mgeni akamwambia atoke na jamaa zake upesi. Nyuma yao mji ukazama, na mahali pake pakawa ziwa la maji ya chumvi, yasiyofaa kukata kiu ya mtu. "Na sisi," Bibi alimalizia kila mara huku akijipiga kifua, "ndio uzao wa mwanamke yule."

Wenzangu shuleni walijisifia babu zao wenye michungwa Muheza. Mimi nilikuwa na mwanamke aliyetoa maji, na nilitembea nimeinua shingo.

Nilikuwa darasa la tatu Bibi aliponichukua kwenda Ngazija kumwona mdogo wake, Koko Echati. Koko ndivyo wanavyomwita bibi huko. Bibi alinifundisha salamu njiani: mkubwa huamkiwa "kwezi", kama sisi tunavyosema shikamoo. Nikafika, nikapiga goti, nikasema "kwezi". Yule mama akanijibu, "Mbona!" Nikaduwaa, nikadhani ananiuliza kwa nini. Nikamjibu, "Kwa sababu Bibi amenifundisha." Nyumba nzima ilicheka. Kumbe mbona ndiyo marahaba yao.

Mtoto wa Koko Echati, Mjomba Salim, alikuwa fundi seremala aliyewahi kuishi Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi. Ndiye aliyetutembeza. Alituonyesha mahali ambapo moto wa mlima Karthala uliteremka zamani hadi baharini ukagandia humo, mawe meusi kama masizi ya chungu yakipakana na mchanga mweupe. Akatupeleka kaskazini kwenye ziwa lenyewe. Tulisimama juu ya ukingo. Chini maji yalikuwa ya kijani, yametulia, bila ndege hata mmoja.

"Bado wamo humo?" nilimnong'oneza Bibi.

"Wamo. Usipige kelele."

Mjomba Salim alitabasamu. "Mama Mkubwa, hilo ni shimo la volkano tu. Bahari imepenya chini kwa chini."

"Na nani aliyelichimba shimo?" Bibi alimuuliza.

Siku chache baadaye mlima ulinguruma. Asubuhi ile jua halikutoka. Kulikuwa na giza kama la magharibi, na juu ya mabati kitu kilianguka kikichakarika kama mtu anamwaga mchele. Lilikuwa ni jivu. Watu walikimbilia msikitini wakisoma Yasini. Mjomba Salim hakwenda. Alijifunga kitambaa usoni, akapanda ukutani, akang'oa mfereji unaoteremsha mvua kutoka paani, kisha akafunika mdomo wa birika lake kwa turubai na mbao.

Lazima nieleze. Kisiwa kile hakina mito. Ardhi yake ya mawe ya volkano hunywa mvua yote, kwa hiyo watu hukinga maji ya paani katika birika la saruji uani. Jivu lilipotulia, mabirika mengi ya kijiji yalikuwa yamejaa uji wa kijivu unaonuka kiberiti. La Mjomba Salim lilikuwa safi.

Akalitia kufuli. Simlaumu. Mkewe alikuwa amejifungua majuzi, mtoto hajapewa hata jina, na hakuna aliyejua maji mengine yangetoka wapi.

Wa kwanza kuja alikuwa mwanamke tusiyemjua, ametoka vijiji vya juu, nywele na kope zimejaa jivu, mtoto mgongoni, mkononi dumu tupu. Mimi nilikuwa mlangoni. Alisema neno moja tu, "Madji." Hilo halikuhitaji mkalimani. Niliona lile ziwa la kijani likifunguka chini ya ua wetu. Nikakimbia ndani.

"Mjomba, kuna mtu anaomba maji!"

"Mwambie hayapo."

Sikutoka. Nilisimama pale pale nikilia. "Siwezi, Mjomba. Siwezi kusema hivyo."

Bibi aliinuka mkekani. Nilidhani atafoka. Alisema taratibu, "Salim, mwanangu, najua una kichanga ndani. Mimi na mjukuu wangu toa sehemu yetu, umpe yule."

"Na atakayemfuata, Mama Mkubwa? Akija kijiji kizima?"

"Atakayemfuata tutamjibu akifika."

Mjomba alimtazama mkewe kitandani. Mkewe aligeuza uso kidogo kuelekea uani. Mjomba akatoka. Akafungua ile kufuli. Akachota, akamjazia mwanamke dumu, akampa mtoto wake kata ya kunywa palepale.

Na kweli, wakaja. Kufikia adhuhuri kulikuwa na mstari hadi barabarani. Mjomba alisimama mwenyewe kwenye birika akimpimia kila mmoja, akiweka akiba ya mzazi katika mtungi mmoja aliokabidhi kwa Koko. Kesho yake pia. Kata ilipoanza kukwaruza sakafu ya birika, nilimwona amekaa juu ya ukingo, kichwa mikononi. Mtungi wa mzazi ulikuwa umebaki nusu wakati gari la maji lilipofika kutoka mjini.

Bibi alisema ardhi imeridhika. Mjomba alisema gari limefika. Hawakubishana tena.

Leo nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba Mjomba alisema kweli kuhusu shimo lile. Nimewaza pia jinsi siku ile ilivyokuwa. Mimi nililia kwa hofu ya kumezwa. Bibi alikuwa na imani yake iliyomshika mkono. Mjomba Salim hakuamini ziwa wala mgeni wa ajabu. Aliamini birika lake, alijua kina chake, alikuwa na kichanga ndani, na bado alifungua. Nikijisifia ukoo wangu sasa, namtaja yeye kwanza.

Juzi kichanga yule, Mariama, ambaye sasa ni msichana wa chuo, alinipigia simu. Nikamsimulia habari hii yote.

"Dada, mbona Baba hajawahi kunisimulia?"

"Wala hatakusimulia," nilimwambia. "Ndiyo maana nakusimulia mimi."