Barua Iliyofungiwa Karanga

Ziko siku nyingi nimezisahau, mwanangu Rehema, lakini siku ile aliyokuja Bibi Somoe kwenye meza yangu pale stendi ya Kibiti naikumbuka mpaka rangi ya kanga yake. Nilimwamkia. Akafungua ncha ya kanga, akatoa karatasi iliyosokotwa, imejaa chumvi na maganda ya karanga, akaikunjua mbele yangu. Ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Nakueleza haya kwa sababu jana umenipigia simu ukasema unaacha kazi ya benki. Utakaa nyumbani na kompyuta yako, uwafanyie watu kazi zao za ofisini: uwajibie barua, uwapangie safari na mikutano, wengine wako Arusha, wengine ng'ambo huko, na wengi wao hutawaona uso maisha yako yote. Msaidizi wa mtandaoni, ndivyo ulivyoniambia inaitwa. Baba yako kashika kichwa. Mimi nilicheka, maana kazi hiyo naijua. Niliifanya kabla hujazaliwa, ila mimi nilikuwa na taipureta na meza yenye mguu mmoja mfupi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa vitu na maofisi yameanza kumwaga watu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mazao, mwaka wa nane huo. Kila wiki tunasikia fulani kapunguzwa. Nikajiambia, Zuhura, usingoje kuswagwa kama kuku jikoni, toka mwenyewe. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikanunua taipureta mbovu ya ofisi, nikaitengeneza, nikaweka meza barazani kwa shemeji yangu pale stendi. Na majivuno nilikuwa nayo, usinione hivi. Vidole vyangu vilikwenda bila macho, na nilidhani kazi yote ya ofisi iko kwenye vidole.

Wateja hawakukawia. Watu wetu unawajua: msimu wa mpunga ukifika wanahamia bondeni, wanakaa miezi kwenye madungu, vibanda vyao vya juu ya miti, kulinda ndege na nguruwe. Huku nyuma mambo yao hayalali. Barua ya mtoto aliyeko shule ya bweni inakuja, maombi ya kiwanja yanatakiwa, kuna ndugu Dar hajajibiwa. Wakawa wananiachia mimi. Mtu ananieleza haja yake mara moja, anakwenda zake bondeni, mimi naandika, najibu, napeleka posta. Ukiniuliza mimi, huo ndio mtandao wenyewe.

Pembeni yangu alikaa Bi Pili, anakaanga karanga na kuwauzia abiria wa mabasi ya kusini. Hakujua kusoma. Karatasi nilizokosea nilikuwa nazilundika vizuri, kila asubuhi nampa azisokote za kufungia karanga, naye ananipa karanga za bure za kunywea chai. Tuliona tunasaidiana.

Sasa huyu Bibi Somoe alikuwa mjane wa Umwe, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyemlea mjukuu wake Athumani tangu mchanga. Athumani alikuwa kapenda binti wa watu huko Mohoro, Mwajuma, na bibi alitaka barua ya posa ipigwe chapa, ionekane imetoka kwa watu wa maana. Aliniinamia sikioni akanitajia maneno, moja moja, kisha akasema, "Neno hili liko baina yangu na wewe na Mungu. Asilijue mtu mpaka tujibiwe."

Posa kwetu ndivyo ilivyo. Ikikataliwa kimya kimya, kila mtu anabaki na uso wake. Nikamwambia, bibi, ondoa shaka. Nikakosea jina la baba wa binti, nikaitoa karatasi ile, nikapiga nyingine safi isiyo na doa. Ile ya kwanza nikaiweka kwenye fungu la Bi Pili.

Kesho yake abiria mmoja akanunua karanga, akavuka nazo kivukoni mpaka Mohoro, na huko akakuta maandishi ni matamu kuliko karanga. Washenga wa Bibi Somoe walipofika siku chache baadaye, na barua yao imefungwa kwenye leso, baba mkubwa wa Mwajuma aliwakaribisha vizuri, akawapa maji, kisha akaingia ndani akatoka na karatasi imesokoteka. "Barua yenu, ndugu zangu," akawaambia, "tumeshaila na karanga." Mji mzima ulikuwa unasema binti yao anatembezwa stendi. Leso ikarudi Umwe haijafunguliwa, na karatasi ile juu yake.

Hiyo karatasi ndiyo aliyoniwekea Bibi Somoe mezani. Alikaa, akaniuliza swali moja tu, tena kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi.

"Huko ofisini kwenu, karatasi mlizokosea zilikuwa zinakwenda wapi?"

Mwanangu, miaka minane, sikuwahi kujiuliza. Ndipo nikamkumbuka Mzee Seifu, tarishi wetu. Kila Alhamisi alikusanya vikapu vya taka vya ofisi nzima, akavimwaga kwenye pipa nyuma ya choo, akawasha moto, akasimama pale na kijiti chake mpaka karatasi ziwe jivu. Nami nilikuwa namgombeza kwa moshi unaoninukishia nguo. Hakuwahi kunijibu zaidi ya kusema samahani, mwanangu. Nilipoacha kazi nilichukua taipureta nikadhani nimeichukua ofisi. Mzee Seifu nilimwacha kule, na pipa lake.

Nililia. Bibi akaningoja nimalize, hakunipa pole, maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. "Machozi yako hayanirudishii posa," akasema. "Athumani hali chakula. Kesho ujistiri vizuri twende Mohoro, ukaseme kwa kinywa chako."

Nisikufiche, nilitamani kuikunja meza nikaombe nirudishiwe kazi yangu. Lakini nilikwenda. Tukavuka, tukafika, nikamwangukia mama yake Mwajuma pale mkekani. Nikasema binti hakutembezwa na mtu, mzembe ni mimi, Bibi Somoe hana kosa. Yule mama alikuwa anapeta mchele, na ungo haukusimama.

"Na hizo karanga," akaniuliza, "wewe nawe ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula, mama. Kila siku."

Baba mkubwa alicheka, akajizuia, akashindwa. Mama hakucheka. Akamwita Mwajuma alete kalamu na daftari, akaniambia, "Tuandikie jibu letu."

Mstari wa pili nikakosea. Nikaichana ile karatasi, nikainuka nayo mpaka jikoni, nikaitia katikati ya mafiga, nikachutama pale nikaitazama mpaka ikaisha. Niliporudi mkekani, yule mama alikuwa ameuweka ungo chini.

"Sasa andika," akasema. "Andika kwamba tumekubali."

Athumani na Mwajuma unawajua, ndio wanaotuletea mchele mpya kila mavuno. Nami nilinunua pipa. Bi Pili alininunia wiki nzima, kisha akapata magazeti. Bibi Somoe aliendelea kuniletea barua zake mpaka anakufa, na akiulizwa kwa nini, anasema aliyeungua ndiye anayeuheshimu moto. Meza ile ikawa chumba, na chumba kile ndicho kilichokusomesha.

Basi nisikilize, na baba yako aache kushika kichwa. Toka benki kama moyo umeshaamua, sikukatazi. Lakini kabla hujatoka, izunguke ofisi yote utazame nani huko anachoma karatasi. Yupo anayefunga milango, yupo anayelinda kompyuta zenu, yupo anayemkumbusha mkubwa asilolikumbuka, na pengine humwamkii. Ukikaa peke yako, wote hao ni wewe. Watu watakupa maneno yao ya siri, watakufungulia barua zao hata za wake zao. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mimi sijaisikia kata ikisema. Ukikosea, na utakosea mwanangu, usijifiche nyuma ya maandishi. Mpigie mwenye kazi akusikie sauti, useme ni mimi.

Nakupenda, na najua utaweza. Vidole hivyo umerithi kwangu. Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe watu wa kukuamini na kifua cha kuwahifadhi, na akuepushe na karanga za bure. Amin.