Mtoto Wangu Anasoma kwa Masikio

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mume wangu naye huingia humu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, naishi Murara hapa Goma, nauza vitenge sokoni Birere. Mume wangu ni mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa safari za mbali, nyumbani hakai sana. Tuna mabinti wawili. Mkubwa ana miaka minane, na ndiye anayenikosesha raha.

Hali ilipoharibika mjini kwa vita, shule yao ilifungwa. Mwalimu wake, Mungu ambariki, hakuwaacha watoto. Alianza kutuma masomo kwenye grupu ya wazazi ya WhatsApp: anasoma ukurasa kwa sauti, anapiga picha ubao, mtoto anarudilia kwa sauti, anapewa pointi. Simu yangu kioo kimepasuka, maandishi ya ubao hayaonekani, na picha zinakula mega za intaneti. Basi sisi tukawa tunafungua sauti tu. Shule ilipofunguliwa tena, mwalimu aliendelea kuwatumia waliobaki nyumbani, na mume wangu akakataa kumrudisha binti. "Huku kwa simu mutoto iko napata pointi za juu, huko aende kutafuta nini? Kupigwa masasi?" Na kweli, mwalimu alikuwa akimsifu mbele ya wazazi wote: "Mama, mutoto wako iko na akili sana." Nilivimba kichwa, siwafichi.

Majuzi parokia ikamchagua asome somo kwenye misa ya watoto. Siku moja kabla nikampa karatasi ajizoeze. Akaishika vizuri, macho yanatembea kwenye mistari kama mtu mzima, akaanza kusoma kuhusu volkano na udongo wenye rutuba. Volkano? Kwenye Biblia? Nikatega sikio. Lilikuwa somo la mwalimu, neno kwa neno, hadi akakohoa pale mwalimu anapokohoa, kisha akasema, "Turudilie, batoto."

Kwanza nilicheka. Halafu nikamwekea kidole kwenye neno moja. "Hapa banaandika nini?" Akaangalia neno, akaniangalia mimi, machozi yakaanza kumtoka. Lilikuwa neno "Bwana" tu.

"Mama, usiambie Papa," alinisihi. "Batanirudisha na batoto badogo, batanicheka."

Nikamwahidi. Ningefanyaje? Misa ilikuwa kesho yake. Nikamsomea lile somo mpaka likakaa kichwani. Kanisani alisimama na karatasi yake, akalitoa bila kukwama hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Baba yake alimrekodi, akatuma video kwa ukoo wote wa Butembo. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi, napiga makofi pamoja nao.

Nilidhani yataishia hapo. Sasa mume wangu ametangaza kwamba hata binti yetu mdogo, aliyefikisha umri wa kuanza shule, atasomea kwenye simu kama dada yake. "Umeona matokeo kwa macho yako," ananiambia. Nikijaribu kusema kwamba shule ni muhimu, ananiuliza kama nataka watoto wafe. Woga wake nauelewa. Hata mimi nikisikia mlio wowote moyo unaruka. Lakini nikinyamaza, nitakuwa na watoto wawili wasiojua kusoma. Nikisema, nimemvunjia binti yangu ahadi, na yule baba aliyejivunia mbele ya ukoo mzima atajua kwamba hata pale kanisani nilimdanganya. Na mwalimu nimweleze nini, mtu aliyejitolea hivyo?

Ndugu zangu, hasa nyinyi wazazi mliosomesha watoto nyumbani, nipeni mawazo. Nianzie kwa nani, na nianze na maneno gani? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Ninapoandika haya binti yangu ameniegemea begani, anatazama kioo cha simu. Ameniuliza, "Mama, uko naandikia nani?" Nimemjibu, rafiki yangu wa Birere. Sikuwa na haja hata ya kugeuza simu.