Mzee wa miavuli ya karatasi na jiko letu la Guta

Watu wa Bunda, leo mzee wa Kijapani amenigeuzia mwavuli mara tatu.

Niko huku Japani kwa kozi. Mwenyeji wetu akatupeleka kwa fundi wa miavuli ya karatasi.

Ndiyo, karatasi. Vijiti ni vya mwanzi, karatasi inapakwa mafuta, mvua haipiti. Nimemwagia mmoja maji mwenyewe, maana mimi ni mbishi.

Nikaufunga, nikauegemeza ukutani, ncha chini, mpini juu, kama tunavyowekaga nyumbani.

Mzee akaja akaugeuza.
Nikadhani amekosea. Nikaurudisha.
Akaugeuza tena.

Mara ya tatu nikaona aibu, nikamuuliza mkalimani nimekosa nini.

Mzee akagusa ncha kwa kidole gumba. Maji yakituama hapa, akasema, gundi inaachia, na mwavuli wote umekwisha.

Nikacheka peke yangu. Babu yangu kule Guta, kila masika yakikaribia, alikuwaga anapanda juu ya paa la nyasi la jiko letu kufunga upya kilele tu. Anasema nyumba inaanzaga kuvuja kichwani.

Nikamwonyesha mzee picha ya lile jiko kwenye simu. Akaivuta kubwa, akaenda moja kwa moja kileleni, akatazama sana. Akauliza nani amefunga.

Nikasema, babu yangu, marehemu.

Akaiinamia simu yangu kwa heshima, kama wanavyosalimu huku.

Sikuweza kumwambia kwamba mwaka jana tulizitoa zile nyasi tukaweka bati.

Ungekuwa wewe, ungemwambia?