Madaftari Yaliyokalia Viti

Juzi nilimpelekea mjukuu wangu miwani aliyoisahau nyumbani. Nilimkuta kwenye maktaba ya chuo chao amesimama, kitabu mkononi. Kesho yake alikuwa na mtihani, na kitabu kile hakiruhusiwi kutoka nje.

Viti vilikuwa tele, watu hawakufika kumi. Kila meza ina daftari, mwenyewe hayupo.

"Kaa basi, mama," nikamwambia.

"Bibi, wenyewe wameshawahi nafasi. Wamekwenda kunywa chai."

Kijana wa zamu akatujia ananyata, akanionyesha karatasi ukutani. "Sheria, bibi. Huruhusiwi kugusa vitu vya mwenzako."

"Na huyo mwenzangu anarudi saa ngapi?"

"Sijui. Ila punguza sauti, unawasumbua wasomaji."

"Wasomaji gani, baba? Haya madaftari?"

Mimi shule sikwenda. Lakini kwetu Mtawanya tunapanga ndoo bombani, na maji yakitoka mwenye ndoo hayupo, ndoo yake tunaisogeza pembeni, wala hatugombani. Na sisi ndio tunaoitwa wajinga.

Mjukuu wangu akaketi sakafuni. Kijana akamtikisia kidole: sakafuni napo marufuku. Basi akasoma wima, akibadilisha mguu, mpaka kengele ya kufunga ikalia.

Hapo ndipo akaingia mwenye meza ya jirani, vidole bado vina mafuta ya sambusa. Akalitia daftari lake kwapani, akamtazama mjukuu wangu kwa huruma.

"Mbona umesimama, dada? Si ungekaa tu!"