Ujana wa Ildefonsa

Miaka ile kambi za wakimbizi zilipojaa Warundi, Ildefonsa wa Nyakisasa alirudiwa na ujana. Ndivyo walivyosema watu.

Alikuwa ameshaacha kuona siku zake, anabeba wajukuu. Asubuhi moja akaona damu. Kidogo tu. Akamnong'oneza jirani yake Jovina, na kumnong'oneza Jovina ni sawa na kupiga ngoma. Kufikia jioni kisima kizima kilikuwa na habari.

"Mwali huyo! Mtafutieni mchumba!"

Ildefonsa akacheka nao. Alipenda utani; hata matangani walimtoa nje kwa kuchekesha watu. Mumewe, Evaristi, akavimba kichwa. Akaenda gulioni, akarudi na kitenge.

"Mama Keza, vaa. Hicho cha vijana."

Kitenge kilikuwa kizuri. Hapo ndipo penye shida. Damu ilipokuja tena, na tena, Ildefonsa akaanza kuogopa. Lakini atamwambiaje mtu aliyefurahi namna ile? Akanyamaza. Akakivaa.

Aliyemshtua ni Limi, Msukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Walikuwa wakipukuchua mahindi.

"Dada, unacheka nini? Ng'ombe aliyekoma kuzaa akivuja damu, kwetu hatumchezei ngoma. Tunamtazama ana nini."

"Kwa hiyo mimi ng'ombe?"

"Ng'ombe ana nafuu. Ana wa kumtazama."

Jumatatu Ildefonsa akajitwika ndizi kama anayekwenda kuuza kambini. Akauza kweli, safari isipotee bure. Kisha akaingia zahanati ya kambi. Muuguzi alikuwa binti wa Kirundi, Claudia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio nimerudiwa na ujana."

Claudia hakucheka. Akamlaza, akampima.

"Mama, siku zikishakoma zimekoma. Damu ikija baada ya hapo, hata tone, mtu apimwe. Pengine si kitu. Pengine ni saratani, na saratani ikiwahiwa inatibika. Uende Mwanza."

Jioni ile Ildefonsa akamweleza mumewe yote. Akamwekea kitenge mapajani, kimekunjwa.

"Kirudishe, baba Keza. Si ujana."

Evaristi akakikunjua. Halafu akamrushia.

"Nilimnunulia mke wangu. Sikuinunulia damu. Vaa, twende."

Wakapanda gari la kambi lililopeleka wagonjwa. Huko hospitali kubwa wakakuta uvimbe mdogo ndani ya kizazi, haujatambaa. Kizazi kikatolewa.

"Mmewahi," daktari alisema.

Wengi hawawahi.

Aliporudi alikatazwa kunyanyua kitu kizito. Evaristi akachukua ndoo, akashika njia ya kisimani mchana kweupe. Wanaume wa kilabuni wakamwona.

"Evaristi! Siku hizi umeolewa?"

Hakusimama.

"Chekeni. Mimi ninaye wa kumchotea."