Shikamoo ya Juu ya Baiskeli

Siku ile magoti yangu yanaikumbuka kuliko kichwa, mwanangu. Ilinirudia jana nilipokuja kwako Mkonze nikakukuta sebuleni umepanda ile baiskeli isiyokwenda popote, jasho linakutiririka, na mbuzi wa jirani anakuchungulia dirishani. Sikucheka. Nilikohoa tu.

Nilikuwa kijana mwenye baiskeli mpya na kichwa kisicho na breki. Nilitakiwa kufika kijiji cha pili kutoka Gulwe, kwa kina Nyemo, mama yako huyu, wazee wake wanitazame kabla ya kujibu posa. Mjomba wangu, mshenga, alikwishatangulia kwa miguu tangu alfajiri. Nikamwonea huruma. Nikajipaka mafuta, nikavaa shati jeupe, nikapanda.

Njiani nikamkuta mzee mmoja na fimbo yake, anakwenda mwendo wa haraka kidogo, usiobadilika. Kwetu, unajua, mkubwa husalimiwa miguu ikiwa chini. Unashuka, unasimama, mnajuliana hali mpaka ya ndama. Mimi nikapiga kengele, nikamrushia "Shikamoo!" na vumbi juu yake. Jibu sikulingoja.

Haraka haraka haina baraka. Hata kilima cha kwanza sijakimaliza, mbigili zikatoboa magurudumu yote mawili. Nikasukuma. Mchanga ukanishinda, nikaibeba begani. Niko hoi, nasikia fimbo nyuma yangu: ko, ko, ko.

"Marahaba," akasema yule mzee. Hakuwa anahema hata kidogo. "Nimekuletea jibu lako, uliliacha kule nyuma. Naona leo ni zamu ya baiskeli kukupanda wewe."

Akanipita kwa mwendo uleule.

Nilipofika, shati limegeuka rangi ya udongo, nikamkuta ameketi kando ya mjomba anakunywa uji. Ndiye baba yake Nyemo! Moyo ukaniambia mke nimemkosa, na nilimpenda, mwanangu, sikufichi.

"Shikamoo, baba," nikasema. Nikangoja. Akanywa uji. Nikangoja. Akaomba aongezewe. Mjomba akatazama paa.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Binti simpi mtu asiyesubiri jibu. Utakuja hapa kila Jumapili kwa miguu, mpaka mtama uvunwe. Nami nitawauliza watu wa njiani kama uliwasalimia."

Nikatembea. Jumapili za kwanza nilifika ulimi uko nje. Mtama ulipoiva, nilikuwa napanda kile kilima huku naulizia ndama wa watu kwa majina. Nikapewa Nyemo.

Sasa sikia. Baiskeli sikukatazi. Haiyachoshi magoti, inakufikisha mbali, na ukiikanyaga kwa bidii inatoa jasho upesi kuliko miguu. Lakini itoe hiyo sebuleni, au ununue inayokwenda. Siku nyingine tembea, walau nusu saa, mwendo ambao kuongea unaweza ila kuimba kunakushinda. Usianze kwa pupa, mwenda pole hajikwai. Miguu itazoea, na hicho kitambi cha ofisini kitakuaga chenyewe. Ukikutana na mkubwa, simama. Dakika utakazopoteza, utazifidia mbele kwa kukaza mwendo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe magoti ya babu yako, na pumzi ya kutosha kungojea marahaba.